Boga lililomeza kijiji lilivyotoroka kibarazani kwangu

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 17 sasa, fremu yangu iko karibu na Soko la Majengo. Ukinitundikia kitambaa ambacho pindo lake halikukunjwa, hata ukikipamba kwa nyota za mbinguni, macho yangu yatakwenda kwenye lile pindo na yatabaki hapo. Wapambaji ninaowasimulia hawakulijua hilo walipofika kwangu Nkuhungu. Jina la kampuni yao naliacha. Tulimalizana bila ugomvi, na Dodoma ni mji wa kukutana sokoni kila Jumamosi. Wakisoma hapa watajijua.

Mwenye kesi ni mtoto wa mdogo wangu. Wanaishi Columbus, huko Ohio, na Oktoba 2024 walikuja likizo. Kutoka Dar es Salaam walipanda treni ya SGR, ambayo wakati huo ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu tangu ianze kufika kwetu, na mtoto, ana miaka 8, alishuka stesheni akisifia treni kama mtu ambaye hajawahi kuona gari. Kesho yake asubuhi akasimama kibarazani mikono kiunoni. Akatazama nguzo mbili, viti vya plastiki na beseni la kufulia, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuburuza:

"Mama mkubwa, mbona bado hamjapamba?"

"Tupambe kuna nini?"

"Halloween ni Alhamisi ijayo!"

Kwa ambaye hana habari nayo: ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Watu wa Ayalandi na Uskoti walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu, mzizi wa shambani ulio kama figili iliyonenepa, na kuwasha moto ndani yake. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, tanipu ikasahauliwa. Watoto hujivika sura za ajabu na kubisha hodi nyumba kwa nyumba, wanapewa pipi. Kibaraza cha mbele ndicho kinachoonyesha nyumba hii ipo kwenye shughuli. Mdogo wangu anasema mtaani kwao wapo wanaotundika mifupa ya plastiki, na wapo wanaochukua hadithi moja ya watoto na kuigeuza nyumba nzima kuwa ukurasa wa kitabu. Mtoto alitaka hiyo ya pili.

Mama yangu, mwenye nyumba hasa, alitoa masharti kabla hajamaliza chai. Mafuvu hapana. Majini hapana. "Mimi ni Mwanglikana wa miaka 74, mchungaji akipita hapa anikute nimekaa na fuvu?" Jirani yetu Mlutheri, aliyekuwa amekuja kuazima kinu, akaongeza kwamba kwao tarehe hiyo hiyo wanakumbuka Matengenezo ya Kanisa, Luther na mwaka wake wa 1517, hivyo na sisi tusizidishe kelele.

"Na hadithi, Bibi?" mtoto akauliza.

Mama akanyamaza. Kisha akaiweka chini bilauri yake, akaanza ile ya boga. Watoto walikwenda porini wakakuta boga zuri, wakalisifu, boga likawajibu. Wakakimbia. Boga likaendelea kunenepa hadi likawa kama nyumba, likakatika kwenye shina, likajibiringisha mpaka kijijini, likameza watu, mbuzi, kuku na vinu vyao. Akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mvulana, mvulana akakua, akachonga upinde, akalipiga boga mshale likapasuka, na watu wakatoka mmoja mmoja wakiulizana nani kala ugali wao. Hiyo ya ugali ni ya mama yangu. Hadithi yenyewe inasimuliwa pande nyingi za nchi hii, kwingine ni boga, kwingine ni kibuyu, na kila bibi ana mwisho wake.

Mtoto alikuwa amefungua mdomo. "Kwa hiyo boga mlikuwa nalo tangu zamani!"

Basi, mada ikapatikana.

Ningeweza kupamba mwenyewe, lakini Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa na sare za harusi za watu 14, na kati yao watatu walikuwa wamenenepa tangu nichukue vipimo. Nikatafuta wapambaji. Picha zao za WhatsApp zinavutia kweli: sendofu, kicheni pati, kipaimara, kumbi zilizojaa maua hadi huoni ukuta. Dada aliyepokea simu alikuwa mstaarabu. Hakucheka nilipomwambia nataka boga linalomeza watu. Aliniuliza maswali matatu ya maana: kibaraza kina upana gani, soketi ya umeme iko wapi, na watoto watakuwa wangapi. La nne hakuuliza, upepo unapiga kutoka wapi, na mimi mwenyeji wa mji huu sikumwambia.

Bei ilikuwa Sh 380,000, kitangulizi Sh 250,000. Humo kulikuwa na upinde wa maputo getini, vitambaa vya kuzungushia nguzo, kitabu kikubwa cha plaiwudi kilichofunguliwa pembeni mwa mlango, mbuyu wa kuchorwa, waya wa taa za kumetameta, na boga la kitambaa ambalo mtoto anaweza kuingia. Maboga halisi ya kuchonga yalikuwa juu yangu.

Waliahidi saa nne asubuhi. Walifika saa saba na nusu, dada na vijana wawili, kwenye Kirikuu iliyojaa hadi mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Kuchelewa nimewasamehe, na mimi nguo ya mtu huwa "njoo kesho". Hebu niseme kwanza walichokipatia, maana walikipatia haswa.

Kile kitabu. Kijana mmoja, mwembamba, hasemi, alikuwa amechora mwenyewe. Kurasa mbili, kila moja inanipita kimo, rangi ya karatasi iliyokaa karibu na moshi. Upande wa kushoto mbuyu usio na majani, matawi kama mizizi iliyoangalia juu, kama ilivyo mibuyu yetu yote mwezi huo wa kiangazi. Nyuma yake nyumba ya tembe, paa lake bapa la udongo, na kiboga kidogo cha kijani kimeketi juu ya paa kinachungulia. Upande wa kulia maneno "Hapo zamani za kale" kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, ile a iliyofungwa vizuri na mkia wake. Na chini kabisa, pembe ya ukurasa ilikuwa imejikunja. Mama akaenda kuinyoosha kwa kidole. Akapapasa, akarudia, ndipo akagundua ni rangi tu, kijana amechora mkunjo na kivuli chake kwenye ubao mkavu. Mama alicheka hadi akaketi. Kwa huo mkunjo peke yake ningetoa laki moja bila kinyongo, na nilimwambia kijana hivyo. Akajibu "asante mama" akiangalia miguu yake.

Ubao huo ulifungwa kwa waya kwenye nondo za dirisha, na ndicho kitu pekee ambacho hakikusogea siku nzima.

Sasa vitambaa. Walikuja na shifoni ya rangi ya chungwa na zambarau, nzuri, haikupungua mita 20, lakini imekatwa kwa mkasi na kuachwa vile vile, nyuzi zinaning'inia. Ukumbini usiku, taa zimefifishwa, nani ataona? Kibarazani saa nane mchana, jua la Oktoba limesimama, unaona kila uzi. Wakaibandika kwa selotepu kwenye ukuta uliokula vumbi tangu Juni. Selotepu haishiki ukuta wenye vumbi, inashika lile vumbi tu, kisha inaanguka nalo. Walipoona hivyo wakaleta pini.

Nyumba yetu imetazama mashariki. Anayeishi Dodoma ameshaelewa ninakoelekea.

Ilipofika saa tisa upepo ukaamka, kutoka huko huko mashariki. Puto la kwanza lilipasuka tukadhani ni tairi la bajaji. La pili hadi la kumi sikuhesabu, maana upinde wenyewe ulikuwa umeegeshwa karibu na bogenvilia, na bogenvilia ina miiba kama sindano zangu. Shifoni ya nguzo ya kushoto ilichomoka, ikapaa juu ya ukuta, ikatua kwa jirani Mlutheri kwenye kamba yake ya nguo, imejitandaza kama imeanikwa. Dada mpambaji alikuwa anakimbia na kipande cha selotepu mdomoni. Nilimwonea huruma.

Halafu boga.

Lilikuwa limetengenezwa kwa nyaya zilizokunjwa kama kapu, juu likavikwa satini ya rangi ya chungwa, mdomo umeachwa wazi mbele, meno ya kadibodi. Zuri, jepesi, kimo cha mtu mzima aliyechuchumaa. Walikuwa wameliweka tu sakafuni. Upepo ukaingia mdomoni. Likatikisika mara moja, likainuka upande mmoja, likashuka ngazi mbili za kibaraza taratibu kama mtu mwenye miguu mibovu, kisha likapata kasi, likajibiringisha uwanjani, likatoka geti ambalo vijana walikuwa wameliacha wazi kwa ajili ya kushusha vyombo, likaingia barabarani.

Watoto wa mtaa walikuwa wanatoka shule. Mtoto wetu akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Boga linameza watu! Kimbieni!" Na wao wakakimbia, wapo waliokuwa wanacheka na wapo ambao hawakuwa wanacheka kabisa. Mwenye bodaboda alikwepa akaishia kwenye mchanga, salama, akageuka kulitazama likimpita. Lilisimama kwenye duka la mkaa, meno mawili yamebaki, satini imechanika ubavuni.

Mtoto anasema hiyo ndiyo sehemu bora ya safari yao yote ya Tanzania. Siwezi kumbishia.

Lakini mimi nilikuwa nimelipa. Nikamwita dada pembeni, nikamwambia, "Mdogo wangu, kazi yako ni ya ndani. Hapa nje kila kitu kinataka uzito." Alikubali bila kujitetea, na hilo naliandika kwenye sifa zake. Nikatuma mtu fremuni anichukulie mita 6 za marekani na cherehani ndogo ya mkono.

Marekani, kwa msioshona, ni ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi tunayotumia kwa bitana na kufanyia majaribio ya mshono. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa historia, na kila akinikuta naikata alinikumbusha jina lilipotoka. Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinaleta kitambaa hicho Unguja, wapagazi wakakipandisha bara, na misafara ya kwenda Tabora ilipopita Ugogo watemi wetu waliidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ikalipwa kwa vitambaa, marekani ikiwemo. Sasa mdogo wangu aliposikia Salem akaruka: Salem ndio mji wa ile kesi ya wachawi ya mwaka 1692, na siku hizi kila Oktoba watu hufurika huko kwa ajili ya Halloween! Basi kitu cha Salem kupita Ugogo si jambo jipya, tofauti ni kwamba safari hii hongo nililipa mimi.

Nilishona mifuko mirefu myembamba, upana wa vidole vitatu, nikaijaza kokoto, nikaishonea chini ya kila shifoni. Ni ujanja ule ule wa kushonea vipande vya madini ya risasi au sarafu kwenye pindo la pazia ili litulie. Boga tuliweka ndoo ya lita 20 ya mchanga ndani yake, nyaya zikafungwa kwenye mpini, na palipochanika nikapiga mshono wa mkono wa mbali mbali, wa makusudi uonekane, kama jeraha la mshale. Kijana mchoraji akaongeza mshale wenyewe kwa fimbo na manyoya ya kuku wa jirani. Saa kumi na moja jioni upepo ulikuwa ungali unavuma na hakuna kilichotoka mahali pake.

Upande wangu nao ulikuwa na aibu yake. Maboga nilinunua manne kwa Sh 4,000 kila moja, na boga letu si lile laini la chungwa la kwenye picha za Marekani. Ni la kijani lililopakwa majivu, gumu, rangi ya chungwa limeificha ndani. Kisu cha kwanza kilivunjika ncha. Nilichonga moja, jicho moja kubwa kuliko jingine, yaliyobaki nikaamua yatapikwa. Nikakimbilia vibuyu. Kuna mzee anayetengeneza mazeze, na zeze la Kigogo tumbo lake ni kibuyu, kwa hiyo huwa na akiba ya vile vyenye nyufa visivyofaa kwa muziki. Aliniuzia 9 kwa Sh 2,000 kimoja. Shikamoo yangu aliipokea, lakini nilipomweleza ninachotaka kuvifanyia alinitazama muda mrefu. Kibuyu kikavu kinakatika vizuri kwa msumeno wa chuma kikilowekwa usiku kucha. Ndani niliweka tochi ndogo badala ya mishumaa, kwa sababu ya shifoni.

Giza lilipoingia vikawaka. Sura tisa za vibuyu, rangi ya asali, zimepangwa kwenye ngazi. Nilisimama getini nikajisifu. Ndipo baba mmoja mtu mzima, kofia mkononi, akanisogelea kwa adabu zote.

"Samahani mama. Mganga anaanza kupokea wagonjwa saa ngapi?"

Nikamweleza ni sherehe ya watoto. Akaangalia vibuyu, akaangalia mama yangu aliyeketi mlangoni amejifunga khanga mbili, akaniangalia mimi. Hakuniamini. Aliondoka nusu nusu.

Watoto tulitarajia 12. Sikuhesabu waliokuja, ila pakiti za pipi ziliisha kabla ya saa moja na nusu na kijana wa dukani akaletewa wateja wa ghafla. Tukagawa ubuyu. Dodoma ubuyu haukosekani, na ule wa rangi nyekundu ukishikwa na mikono thelathini, ukapakwa midomoni na mashavuni, na kwenye shifoni yangu ya kokoto, ukipiga picha usiku unaona watoto waliotoka kula mtu. Mdogo wangu alisema kwao wangenunua dawa ya bei ghali kupata sura hiyo. Kisha mama akapaza sauti, "Paukwa!" na wale wa mtaani wakajibu "Pakawa!" kwa pamoja, mtoto wetu akachelewa kidogo, mara ya pili akawahi. Aliposimulia boga lilivyojibiringisha kuingia kijijini, kila mtoto aligeuka kulitazama lile la kibarazani, kwa sababu mchana walikuwa wamelikimbia kwa miguu yao. Sijui mpambaji gani anaweza kukuuzia hilo.

Haya, nyota. Kwa uchoraji tano, na ningekuwa na sita ningetoa. Kwa lugha na tabia tano. Kwa muda mbili. Kwa kazi ya nje moja na nusu: maputo na selotepu kibarazani Oktoba, Dodoma, ni kuchoma pesa. Nilipunguziwa Sh 40,000 kwenye salio bila kuomba, dada mwenyewe ndiye aliyesema, na taa waliziacha hadi Jumapili. Jumla nawapa tatu na nusu. Kama shughuli yako ni ukumbini wachukue huna haja ya kufikiri, na uulizie yule kijana asiyesema. Kama ni kibaraza, mwambie dada akate maputo kwenye hesabu, pesa hiyo iongeze plaiwudi, na kila kitu kifungwe kwa waya kwenye chuma au kiwekewe mchanga. Ukuta usuguliwe vumbi siku moja kabla.

Maboga matatu yaliyobaki tuliyapika kwa nazi Ijumaa. Vibuyu bado vipo kwenye ngazi, mama amekataa visiondolewe, na wiki iliyopita mwanamke mwingine amebisha hodi akiulizia mganga.

Shifoni ukinunua mwenyewe, pitia fremuni kwangu nikukunjie pindo. Elfu moja kwa mita, kokoto uje nazo.